Mapambo ya Sikukuu Mbili

Upepo ulimpokonya Luciana karatasi zake treni ya Kigoma ikiwa tayari inapiga honi. Stesheni ya Itigi ilijaa siku hiyo. Wauza asali walikuwa wamepanga madebe yao, akina mama wamebeba kuku, wapagazi wanagombania mizigo kabla hata haijafika. Magazeti makuukuu aliyoomba dukani yalitapakaa mpaka relini, na Luciana akaganda pale pale, gauni lake la bluu likipepea, kilemba kimemteleza sikioni.

Kijana mmoja mwenye sare ya kaki na kofia ya gadi wa treni aliruka chini. Aliyaokota yote, akapanda jukwaani treni ikiwa karibu kabisa.

"Una wazimu?" Luciana alimfokea. "Ungekufa kwa ajili ya magazeti?"

"Asante nimeipokea, dada. Naitwa Melkizedeki." Kijana alitazama gazeti moja, akacheka. "La mwaka juzi! Unasoma habari zilizokwisha lala?"

"Mimi mwalimu wa chekechea. Tunatengeneza mapambo ya sikukuu."

"Basi na mimi niandikishe, mwalimu. Sikumaliza chekechea."

Luciana alitabasamu bila kupenda, kisha akaiona tena ile sare, na tabasamu likamfia. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa genge la kukarabati reli. Alipokuwa binti mdogo, wanaume wanne walimleta nyumbani kutoka relini wamemfunika turubai, na mama yake, Martha, hakumruhusu kuchungulia. Tangu siku ile Luciana hakuwahi kukanyaga reli ila pale pa kuvukia tu, mbio mbio.

Lakini Melkizedeki alikuja darasani kwake. Kila aliposhuka zamu alileta kitu: mifuko ya saruji iliyokung'utwa, pakiti za majani ya chai, karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za sigara alizowaomba abiria. Alikaa na watoto kwenye kibenchi kifupi, magoti yakimfika kidevuni. Gundi yao ilikuwa uji mzito wa unga wa muhogo. Rangi walipata kwa manjano ya jikoni na bluu ya kufulia. Mwaka ule wa 1974 Idi Kubwa na Krismasi ziliangukia wiki moja, kwa hiyo walikata miezi na nyota kwa pamoja, wakaunganisha vipande vya magazeti kuwa minyororo mirefu ya kuning'iniza darini.

"Shemeji, nyota yako ina pembe nne!" watoto walimcheka.

"Nani shemeji?" Luciana aliuliza kwa ukali, na mashavu yakamwaka.

Akiwa safarini Melkizedeki alimpigia kwa simu ya stesheni. Bwana Alute, mkuu wa stesheni, alimtuma mtu kumwita huku akinung'unika kwamba simu ile ni ya treni, si ya mahaba.

"Mwalimu wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umefika salama?"

"Nisingefika ningekupigiaje?"

"Usinitanie hivyo, Melki. Ukichelewa kupiga, hata chaki inanidondoka."

Wiki mbili kabla ya sikukuu Luciana alimwomba waziwazi aache ugadi, aombe kazi ya ofisi ya vifurushi. Melkizedeki alisema atafikiri. Siku chache baadaye muuza asali mmoja akamwambia Luciana kwamba yule mchumba wake ameomba mwenyewe zamu ya treni ya mizigo siku ya kuamkia Idi. Ameomba mwenyewe! Simu ilipokuja, Luciana alimwambia Bwana Alute, "Shikamoo mzee. Naomba umwambie sipo."

"Marahaba. Lakini upo, mwanangu, umesimama mbele yangu."

"Kwake yeye sipo."

Siku ya treni ile mvua ilinyesha tangu alfajiri, mvua nzito iliyogeuza njia kuwa mito. Mchana watoto walikuwa wanabandika vipande vya mwisho Bwana Alute alipotokea mlangoni, amelowa, kofia mkononi. Luciana alijua kabla hajasema.

"Kalavati la chini ya reli limesombwa na maji upande wa Kitaraka. Treni ya mizigo imeanguka. Simu imekatika, mwanangu. Hatujui nani mzima."

Mkasi ulikuwa bado mkononi mwake. Alitaka kupiga kelele, lakini watoto walikuwa wanamtazama. Akamalizia kukata mwezi aliokuwa ameushika, akampa mtoto aliyekuwa akiusubiri, akatoka nje taratibu.

"Nyinyi mnakwendaje?" Luciana alimuuliza Bwana Alute.

"Kwa kiberenge, kigari cha mafundi wa reli. Lakini wewe..."

"Nakwenda."

Alikanyaga reli. Fundi mmoja akamshika mkono kumpandisha, na Bwana Alute akapanda nyuma yao. Kiberenge kilikata mvua katikati ya vichaka vya Itigi vilivyosongamana pande zote mbili, na kila matawi yalipogusa bega lake Luciana aliona turubai. Aliona wanaume wanne. Mikono yake bado ilikuwa na uji wa gundi. Aliukwangua kwa kucha huku akijilaumu kwa neno lile "sipo".

Kabla hawajafika, dereva alikaza breki. Mbele, katikati ya njia, mtu alikuwa anachechemea akipunga bendera nyekundu, mkono mmoja umefungwa kwa shati. Alikuwa anatembea kuzuia treni yoyote itakayokuja nyuma.

Luciana alishuka kiberenge hakijasimama sawasawa. Alikimbia juu ya mataruma ya reli, akamshika uso kwa mikono yote miwili kama anayehakikisha.

"Ni mimi," Melkizedeki alisema. "Wenzangu wote wapo hai. Nilidhani hutaki hata sauti yangu."

"Kwa nini uliomba zamu hii? Nilikuomba uache, ukaomba zaidi!"

"Nilibadilishana na mwenzangu. Yeye Mwislamu, alitaka Idi nyumbani. Mimi anipe Krismasi, nije kwa mama yako kuleta posa. Nilipiga simu kukwambia. Ukawa hupo."

Luciana alilia, na mvua ikamficha. Bwana Alute alijifanya anakagua reli.

"Ile kazi ya vifurushi nitaiomba," Melkizedeki alisema. "Sikujua unaogopa kiasi hiki."

"Usiombe kwa ajili yangu. Unaipenda hii, naiona."

"Kwa hiyo huogopi tena?"

"Naogopa. Hapa nilipo naogopa mpaka meno yanagongana. Nitaogopa kila utakapoondoka, Melki, hilo sitakudanganya. Lakini kama ni kuogopa tu, basi niogope nikiwa mkeo."

Melkizedeki, mtu wa utani kwa kila neno, akakaa chini kwenye kokoto zilizolowa, bendera mapajani, akaanza kulia kama mtoto, na Luciana akakaa naye pale pale, juu ya reli.