Posa ya Kuku Mweupe

"Hiyo haichekeshi," alisema Mwanarusi.

"Haichekeshi vipi? Mtalii ananyang'anywa chapati na tumbili pale ufukweni Galu. Watu watavunjika mbavu."

"Huyo mtalii anataka nini, Elijah?"

"Anataka chapati yake."

"Basi akinunua nyingine filamu imekwisha. Leta wazo jingine."

Elijah alimtazama Jaafar kuomba msaada, lakini Jaafar alikuwa anamtazama Mwanarusi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake tangu muhula wa kwanza.

Watatu hawa walikuwa wanafunzi wa filamu katika chuo kimoja cha Ukunda, na mwalimu alikuwa anasubiri wazo lao la filamu fupi ya vichekesho. Elijah, kijana wa Nakuru, alishika kamera. Jaafar wa Msambweni ndiye mwongozaji. Mwanarusi, binti wa Mzee Mwero wa Bongwe, aliandika, na mawazo ya wenzake aliyachambua kama mchele, akatupa karibu yote. Jaafar alimpenda hivyohivyo alivyo. Tatizo lake ni kwamba kila alipotaka kumwambia, ulimi ulikuwa mzito na mazungumzo yaliishia kwenye habari za taa na vipaza sauti.

"Mimi nina moja," alisema Jaafar. "Kuku wa mtu kila siku anakwenda kutaga kitandani kwa jirani. Mwenye kuku na jirani hawasemezani."

Mwanarusi aliinua kichwa.

"Mwenye kuku anataka mayai yake," aliendelea Jaafar. "Lakini ili ayapate, lazima amsemeshe adui yake."

"Hilo limesimama," alisema Mwanarusi polepole. "Lakini tutapata wapi kuku atakayetulia mbele ya kamera?"

"Yule wenu mweupe. Ulinionyesha picha yake amelala kwenye mkeka."

"Babangu hapendi mambo ya kamera. Mkitaka mumpate, nendeni mkamwombe wenyewe, kwa adabu, na mwende na mtu mzima. Mimi nitamwambia tu kwamba wenzangu wana ombi lao."

Na kweli, jioni alimwambia baba yake: "Baba, wenzangu wa chuo watakuja kukuona. Wana ombi. Watakueleza wao." Kisha akaona haya bure tu, akaingia ndani. Mzee Mwero akaiona haya ile, akaifikiria.

Mtu mzima aliyepatikana ni Salimu, ami yake Jaafar. Sasa huyu Ami Salimu, pale Msambweni, ukoo ukienda kuposa yeye ndiye msemaji. Na watu wa huku hawafiki mlangoni kwa mtu wakasema tunamtaka binti yako. Husema wameona ua, au wamepotelewa na mbuzi, au wamesikia pana kuku. Ami Salimu alikuwa na lugha hiyo moja tu ya kuombea, na Alhamisi alivaa kanzu na kofia akaenda nayo Bongwe.

"Hodi."

"Karibuni."

"Shikamoo, mzee," walisema vijana.

"Marahaba. Kaeni."

Walikaa barazani. Salamu zikaenda, zikarudi, maji yakaletwa. Ami Salimu akakohoa kidogo.

"Mzee Mwero, sisi tumepita njia, tukasikia humu mwako mna kuku."

Mzee Mwero alijiweka sawa kwenye kiti.

"Kuku wapo, alhamdulillahi. Mnamsema yupi?"

"Kijana wetu huyu, Jaafar, ndiye aliyemwona. Mweupe, shingo ndefu, akitembea ana madaha."

"Nimemjua," alisema mzee, na uso ukamkunjuka. Nyuma ya pazia mkewe alisogea karibu, simu mkononi. "Na wewe kijana, umempendea nini?"

"Utulivu wake, mzee. Wengine wakiona watu hupiga kelele. Yeye hunyamaza tu akakutazama."

Mzee alicheka, maana katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwona Mwanarusi ametulia. Akajua kijana kapenda kweli.

"Mna nia njema. Na mtamweka wapi?"

Elijah aliona amekaa kimya mno, akaamua kusaidia.

"Mzee, usijali kabisa. Atakaa chumbani kwa Jaafar. Ni siku mbili tu, tukimaliza naye tunamrudisha."

Tabasamu la mzee liliganda.

"Mkimaliza naye?"

"Ndiyo, mzee. Na akitufaa tutakuja kumchukua tena mwezi ujao."

Mzee Mwero alisimama, kofia ikamwanguka, hakuiokota.

"Tokeni kwangu."

"Mzee Mwero, hebu subiri, kuna..."

"Salimu, mtu mzima na mvi zako. Toka kabla sijasahau kuwa wewe ni mgeni."

Walitoka mbio hadi barabarani, majirani wakiwatazama.

Walikuwa hawajapata hata pumzi, simu ya Jaafar ikalia.

"Jaafar, umemwambia nini babangu? Amenipigia kwa hasira. Anasema nisionekane nawe tena."

"Wallahi sijui. Nimemwomba kuku tu."

"Kuku wa kweli?"

"Wa filamu. Yule mweupe."

"Kwa hiyo ulikwenda kuomba kuku," alisema Mwanarusi.

"Naam. Kwani wewe ulidhani nini?"

Simu ikakatika. Baadaye ikaingia meseji, Jaafar akaisoma palepale kando ya barabara:

"Mama aliniandikia kwamba umekuja na ami yako kuniposa, nikadhani kuku alikuwa kisingizio tu. Nilitoka darasani nikasimama nyuma ya tangi la maji nikalia kwa furaha. Sasa nimejua ni kuku. Nitampigia baba nimweleze. Wewe usinipigie."

Jaafar aliisoma tena. Alijiona mjinga kuliko watu wote wa Kwale. Kumbe ulimi wake unaweza kusema nimempenda mbele ya baba mtu, almradi anadhani anamsema kuku.

Kesho yake walikutana darasani. Mwanarusi alikaa mbali, macho yamevimba. Elijah hakuweza kujizuia.

"Wasee, samahani kwa jana. Lakini tusidanganyane. Hii ndiyo filamu yetu. Mzee anadhani ni posa, hawa wanadhani ni kuku. Hatutapata wazo kali kama hili maisha yetu yote."

Jaafar alimgeukia Mwanarusi. "Unaonaje?"

"Ni bora kuliko yote tuliyonayo," alisema bila kumtazama. "Kila mtu anataka kitu cha kweli, na kila neno linamdanganya. Kama ingekuwa ya watu wengine ningeiandika leo."

"Sasa tatizo nini?" aliuliza Elijah.

"Atakayechekwa ni babangu. Nilipomweleza alizima simu. Jana hakwenda msikitini kwa aibu."

Elijah aliinama. Na hapo Jaafar alijua kwamba ni yeye wa kuamua, na kwamba alama zao za mwaka zipo hapo.

"Hatuifanyi," alisema. "Andika ya tumbili."

"Buda, ya tumbili haichekeshi. Hata mimi najua," alisema Elijah.

"Iandikwe hivyohivyo."

Elijah alichukua kamera yake akatoka. Mwanarusi naye alikuwa anainuka.

"Mwanarusi, kaa kidogo, tafadhali."

"Nini tena?"

"Jana niliweza kusema kwa sababu alikuwa kuku. Ningejua ni wewe ninayekuposa, ningekaa pale kama gunia." Alimsogelea hatua moja. "Nakupenda. Tangu uliponiambia muhula wa kwanza kwamba hadithi yangu haina kichwa wala miguu. Nilitaka kukwambia kila siku, nikaogopa utauliza nataka nini na sitajua la kujibu."

"Na leo unajua?"

"Nakutaka wewe. Mwambie mama tutarudi Jumapili."

"Mwambie mwenyewe," alisema, lakini sauti ilikuwa imelainika. "Mimi nilipeleka salamu mara moja, nikaona matokeo yake."

Jumapili Mzee Mwero aliwapokea bila kicheko. Elijah alikuwa ameapishwa njiani asifungue mdomo. Ami Salimu alimwomba mzee radhi, akasamehewa, kisha akakohoa kama kawaida yake.

"Mzee Mwero, sisi tumepita njia..."

"Salimu. Leo sema Kiswahili."

Ami Salimu alivua kofia akapangusa jasho. Hakuwahi kuposa hivyo tangu azaliwe.

"Tunamtaka binti yako, Mwanarusi, aolewe na kijana wetu Jaafar. Wakimaliza masomo yao, inshallah."

"Kwa muda gani?"

"Wa maisha yao."

"Hamtamrudisha?"

"Hatumrudishi, mzee," alisema Jaafar mwenyewe.

Mzee alimkazia macho. "Nasikia kisa kile mlitaka kukifanya filamu, mkakiacha. Mkachukua cha tumbili."

"Ndiyo, mzee."

"Kisa cha tumbili kinachekesha?"

"Hapana, mzee."

"Mlikiacha kwa nini?"

"Ungechekwa, na wewe ulikuwa na haki. Mtu akiniambia vile kuhusu binti yangu, hata mimi ningemfukuza."

Mzee Mwero alitazama uani kwa muda. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na Jaafar akahofu ni hasira tena, kumbe mzee anacheka.

"Tukimaliza naye tunamrudisha," alisema, akafuta machozi. "Kifanyeni. Lakini huyo mzee wa kwenye filamu awe mtu wa heshima, avae vizuri, na watu waone kwamba haki ilikuwa yake. Wachekwe nyinyi."

Kisha akageukia pazia. "Mwanarusi, njoo."

Alitoka, kanga imemfunika nusu uso, akasimama kando ya mlango.

"Umeyasikia yote. Kijana huyu anataka kukuoa. Unasema nini?"

Baraza zima lilingoja. Mwanarusi, ambaye hakuna wazo lililowahi kupita mbele yake bila yeye kulisemea, alitazama chini asitamke neno. Mzee akamuuliza mara ya pili, kwa upole. Akanyamaza vilevile.

Elijah alimwinamia Jaafar sikioni, akasahau kiapo chake.

"Pole sana, ndugu yangu. Naona amekataa."

Jaafar hakumjibu. Alikuwa amefunika uso kwa mikono akilia, na Ami Salimu alikuwa anasoma dua. Nyuma ya pazia Mama Mwanarusi, aliyejua kama wote pale kasoro mmoja kwamba binti akiulizwa akanyamaza amekubali, alikuwa keshapiga kigelegele.