Nyundo Chini

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Sindano alishika chuma. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake katika gereji ya baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Bodi kwa sababu alinyoosha magari yaliyogongwa. Gari likija na mlango uliobonyea, Fundi aliung'oa, akausimamisha kwenye meza nzito ya mbao, na kuupiga nyundo upande mmoja. Upande wa pili Sindano alibana kwa viganja kipande cha chuma kizito na laini, kikubwa kama nusu mkate, mahali palepale nyundo ilipotua. Bati lisilokingwa kwa nyuma halinyooki. Hubonyea upande mwingine, na likipigwa sana hupasuka.

Sindano alikuwa binti wa miaka kumi na miwili. Alipewa jina hilo kwa wembamba wake. Mama yake alisema ni kwa ulimi wake pia.

Gereji ilikuwa na sheria moja: anayeumia hapigi kelele mpaka nyundo iwe chini. Sheria hiyo ilikuwa na maana. Mtu akipiga yowe nyundo ikiwa hewani, mpigaji hushtuka, na pigo linaweza kutua usoni pa mtu. Jumamosi moja nyundo iliteleza ukingoni mwa bati, ikamponda Sindano kidole gumba. Damu ilijaa chini ya ukucha. Machozi yalimtoka, lakini alikaza meno na chuma hakikusogea. Fundi alipiga pigo la mwisho, akaweka nyundo mezani.

"Haya, sema."

"Yalaaa! Baba, umeniua!"

"Maiti gani ana sauti kubwa hivyo? Nenda kaweke kidole kwenye maji baridi."

Tatizo ni kwamba Fundi aliitoa sheria hiyo gerejini akaiingiza nyumbani. Watoto wake walikua wakijua kwamba maumivu husubiri ruhusa.

Aliyeijua kuliko wote alikuwa kaka yake Sindano. Alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo, na majirani walianza kumwita Injinia siku ileile jina lake lilipotoka kwenye orodha ya waliochaguliwa. Kabla hajaondoka, Fundi alimpeleka nyuma ya gereji akamfundisha mahali pa kupiga: pua, koo, mbavu za chini.

"Huko utakutana na watu wagumu," alimwambia. "Akikupiga mtu, mrudishie mara mbili. Usinipigie simu kulia. Sheria unaijua."

"Naijua, baba."

Tangu hapo Injinia alipiga simu kila Jumapili. Fundi alipokea simu kwa mkono mmoja, nyundo ikiwa katika mkono wa pili.

"Vipi, Injinia?"

"Salama, baba."

"Unakula?"

"Nakula."

"Haya, soma."

Simu ikakatwa. Chai iliyomiminwa wakati simu inaita ilikuwa bado haijafaa kunywewa, kwa ukali wa moto wake.

Ijumaa moja jioni Injinia alitokea nyumbani bila taarifa. Alisema amefuata koti. Alikula akiwa amesimama.

"Mbona umesimama kama nguzo?" mama yake aliuliza kutoka kwenye cherehani. Alikuwa akishona sare za shule, na mzigo ulitakiwa kesho yake.

"Nimekaa safari nzima, mama."

Mama alimtazama kwa muda, kisha akarudi kwenye mshono wake.

Sindano aliingia chumbani kwa kaka yake bila kubisha, kama kawaida yake. Injinia alikuwa amevua shati nusu. Mgongo wake wote ulikuwa na mistari ya zambarau iliyopishana. Baadhi ilikuwa imepasuka na kutoa usaha, na shati lilikuwa limegandamana nayo. Alikuwa akilibandua taratibu kama mtu anayebandua plasta. Kwenye mbavu za kushoto palikuwa na alama ya kiatu. Hata michoro ya soli ilionekana.

"Nani?" Sindano aliuliza.

"Funga mlango."

Alimweleza kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa. Bwenini kulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyeitwa Jemadari. Yeye na wenzake waliwapokea wageni wa mwaka wa kwanza. Kupokewa maana yake ni kupigishwa magoti kwenye sakafu ya bafu na kuchapwa kwa waya wa umeme uliokunjwa. Anayelia huongezewa. Anayesema nje huongezewa zaidi. Injinia alirusha ngumi kama alivyofundishwa, akamvunja mmoja pua. Safari iliyofuata walikuja kundi zima. Walimlaza chini, wakamshika mikono na miguu, na Jemadari akapanda juu ya mbavu zake akaruka.

"Mwambie baba!"

"Baba alisema nini siku naondoka?"

Sindano alikumbuka.

"Na wewe ukisema, mimi si kaka yako tena. Apa."

Sindano akaapa.

Asubuhi Injinia aliondoka kabla wengine hawajaamka. Fundi alifungua gereji, akasimamisha mlango wa gari mezani, akachukua nyundo. Kisha akaanza kutafuta. Alitazama chini ya meza, kwenye ndoo ya misumari, nyuma ya mtungi wa gesi.

"Sindano, chuma changu kiko wapi?"

Sindano alijua mara moja. Jana yake alikuwa ameona mfuko wa kaka yake ukining'inia upande mmoja, kama mfuko wenye jiwe. Hakuwa amefikiri ni nini. Sasa alifikiri.

"Sijui," alisema.

"Ulikiweka wewe mara ya mwisho. Kiko wapi?"

Aliutazama mkono wa baba yake. Nyundo ilikuwa imeinuliwa nusu, tayari kwa kazi ambayo haingeweza kuanza. Kaka yake alikuwa ameishi na sheria ile mpaka mgongo ukaoza. Sasa alikuwa njiani na chuma cha kuua mtu.

"Baba, weka nyundo chini."

"Unasemaje?"

"Weka nyundo chini. Nimeumia."

Hakuna aliyewahi kumwamuru Fundi katika gereji yake. Aliitazama mikono ya binti yake, hakuona jeraha, akaweka nyundo mezani. Sindano akasema yote: waya, bafu, kiatu, mfuko. Alisema pia kwamba alikuwa ameapa, na kwamba neno lake la "sijui" lilikuwa uongo.

Kwanza Fundi alisema jambo la kijinga. "Basi vizuri. Amechukua silaha. Atawanyoosha."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, utepe wa kupimia ukiwa shingoni.

"Fundi," alisema, "chuma kile kikitua kwenye kichwa cha mtu, unadhani kichwa hicho kinanyooka?"

Hakuna aliyejua kuliko Fundi chuma kile kinaweza kufanya nini.

"Ulimpa ngumi mtoto wangu," mama aliendelea. "Hukumpa mlango wa kurudia. Na mimi jana nilimwona amesimama, nikachagua kushona. Tuondoke."

Fundi alipiga simu ya mwanawe tena na tena. Iliita bila kupokewa. Waliondoka na gari la gereji lenyewe, lisilo na boneti wala kioo cha nyuma, Sindano akiwa amejikunja katikati ya matairi ya akiba.

Walipofika chuoni, Sindano aliona wanafunzi wakikimbilia nyuma ya bweni, kwenye sakafu ya saruji ya kufulia nguo. Wengine walikuwa wameshika simu juu, wakipiga picha. Fundi aliwasukuma akapita.

Jemadari alikuwa amelala chini kati ya ndoo zilizopinduka. Alikuwa kijana mrefu mwenye kifua kipana. Bega lake moja lilikuwa limeshuka kuliko lingine, na mfupa wa mtulinga, ule unaounganisha bega na shingo, ulikuwa umeinua ngozi kama kijiti ndani ya soksi. Alikuwa akitapika. Damu kutoka kinywani mwake ilichanganyika na maji ya sabuni ikaelekea kwenye mtaro. Waya wa umeme ulikuwa bado umezungushwa mkononi mwake. Rafiki zake walikuwa wakimchapa Injinia kwa mguu wa kiti na mkanda, kichwani na mgongoni, shati likitoa damu kila pigo, lakini Injinia hakugeuka. Alikuwa amepiga goti kifuani pa Jemadari, chuma kikiwa juu kwa mikono miwili.

Fundi hakupiga yowe. Usimshtue mtu ambaye nyundo yake iko hewani. Alikwenda nyuma ya mwanawe, akamshika viganja kwa mikono yake miwili, akashikilia.

"Ni mimi," alisema. "Lete."

"Niache, baba! Nimalize!"

"Lete chuma, mwanangu."

Mguu wa kiti ukampiga Fundi kwenye paji la uso. Ngozi ikapasuka, damu ikamziba jicho. Watu wa mtaani kwao wangeshangaa kumwona wakati ule, maana Fundi alikuwa na mkono mwepesi wa kupiga na kila mmoja alijua. Hakurudisha pigo. Alimfunika mwanawe kwa mwili wake, mgongo wake ukapokea mapigo yaliyofuata, na vidole vya Injinia vikalegea kimoja kimoja. Chuma kikaanguka kwenye saruji kwa kishindo.

"Nyundo iko chini," Fundi alimwambia sikioni. "Sema sasa."

Injinia akalia. Sauti ile Sindano hakuwahi kuisikia kwa kaka yake, wala kwa mtu yeyote mkubwa. "Inauma, baba! Inauma! Inauma!" Aliyeshika mguu wa kiti akasimama akiwa ameduwaa, kisha akautupa.

Mlezi wa bweni alifika akihema, funguo zikigongana kiunoni.

"Jamani, jamani! Ni utani tu wa kukaribishana, vijana wamezidisha!"

Mama alimgeuza mwanawe, akapandisha shati lake.

"Utani wenyewe ndio huu? Soma, baba. Umeandikwa vizuri."

Mlezi alifumba macho. Kijana mmoja mfupi wa mwaka wa kwanza alivua shati lake, akageuka. Kisha mwingine. Migongo yao ilitosha.

Hospitalini ilionekana kwamba Injinia alikuwa na mbavu mbili zilizopasuka na vidonda vilivyoanza kuoza. Jemadari alifungwa bega. Daktari alisema kama pigo lile lingetua juu kidogo, lingevunja shingo. Polisi waliandika maelezo ya kila mmoja. Injinia hakuficha kwamba alibeba chuma kutoka nyumbani kwa nia ya kuua.

"Kwa nini hukuripoti?" askari alimuuliza.

Fundi, mwenye nyuzi saba kwenye paji la uso, alijibu kabla ya mwanawe. "Hilo niulize mimi."

Chuo kilimfukuza Jemadari pamoja na wenzake, na kesi yao ikaenda mahakamani. Mlezi wa bweni aliondolewa. Injinia naye alionywa na mahakama, na chuo kikamsimamisha masomo hadi muhula uliofuata, kwa kupiga mtu kwa chuma. Jirani mmoja alimshauri Fundi akate rufaa.

"Rufaa ya nini?" Fundi alisema. "Alimpiga au hakumpiga?"

Injinia alikaa nyumbani mpaka mbavu zikaunga. Siku moja, Sindano akiwa ameshika chuma kilekile, kilichorudishwa na polisi, akasema jambo lililokuwa likimsumbua.

"Baba, mimi nilivunja kiapo. Na siku ile nilikudanganya kwanza."

Fundi aliweka nyundo mezani. Injinia, aliyekuwa amekaa kwenye tairi, akainua kichwa.

"Kiapo cha kuficha hatari hakimfungi mtu," Fundi alisema. "Uongo wako ulikuwa na umri wa dakika moja, ukauua mwenyewe. Wangu ulikuwa na miaka. Niliwaambia kukaza meno ni ushujaa. Kukaza meno ni kwa ajili ya kazi, tena kwa muda mfupi, na lazima mtu aweke nyundo chini. Mimi sikuiweka. Ndugu yako alikaa huko akisubiri ruhusa yangu, na mimi namuuliza kama anakula."

"Mficha maradhi, kifo kitamuumbua," mama alisema kutoka mlangoni. "Lakini anayefichwa naye ajiulize kwa nini anafichwa. Mtoto akienda mbali, mzazi hawezi kumpigia nyundo. Anaweza kumkinga kwa nyuma tu, asipasuke."

Muhula ulipoanza, Injinia alirudi chuoni. Safari hii Fundi alimsindikiza mpaka bwenini, akamsalimia mlezi mpya, akaacha namba yake ya simu kwa yule kijana mfupi, ambaye sasa alikaa chumba kimoja na Injinia.

Jumapili simu iliita. Mama alikuwa amemimina chai. Fundi alikuwa na nyundo mkononi. Aliitazama, akaiweka mezani, akafuta mikono kwa kitambaa, akakaa.

"Vipi, Injinia?"

"Salama, baba."

Sindano alisogea karibu.

"Hiyo nimeisikia," Fundi alisema. "Sasa niambie ile nyingine."

Upande wa pili Injinia akavuta pumzi, akaanza kusema, akasema, na chai ya Fundi ikapoa mezani.