Mashua Iliyolalia Kushoto

Kila Jumamosi, mvua isiponyesha, Gaster Ojok na mkewe Topista walitoka nyumbani kwao Nabuyonga, Mbale, wakaendesha gari mpaka Jinja, ziwani, kupanda boti yao. Ilikuwa boti ndogo ya futi kumi na nne. Gaster alikaa nyuma akishika injini, Topista akakaa mbele yake akimtazama, magoti yao yakigusana. Walizunguka ghuba, wakanywa chai ya chupa, na kabla jua halijazama walikuwa njiani kurudi.

Gaster alikuwa afande wa magereza aliyestaafu, mtu wa kaskazini. Topista alikuwa Mmasaba, mwenyeji wa Mbale. Kiswahili cha kambini ndicho kilichowakutanisha, na ndicho walichozungumza nyumbani mpaka binti yao Peace akakua nacho. Peace alikuwa mtu mzima sasa, akifanya kazi Kampala. Wazee walibaki wawili, na boti yao.

Lakini Gaster alichoka na ghuba. Alitaka kutoka nje, kupita visiwa vya Buvuma na Sigulu, afike mpaka kisiwa cha Dolwe. Alitaka kulala majini wiki nzima, apike majini, aamke majini. Boti ya futi kumi na nne haiwezi safari hiyo.

"Baba Peace, hii inatutosha," Topista alimwambia. "Kubwa ya nini? Tuko wawili tu."

"Kubwa ina kitanda. Ina jiko. Mawimbi yakija haitikisiki."

"Haya. Lakini kule nitakaa wapi? Hapa niko mbele yako. Kule utakuwa kwenye usukani, na mimi huko mbali."

Gaster alicheka, akauza ile ndogo.

Mashua kubwa waliipata kwa Bruhan, mfanyabiashara wa Jinja mwenye duka la viatu. Ilikuwa ya futi ishirini na nane, na chini ya sitaha ilikuwa na chumba kidogo chenye vitanda viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia. Injini ilikuwa nzima na mbao hazikuoza. Bruhan hakupanda kuionyesha. Alisimama ufukoni, akamtupia Gaster funguo kutoka mbali.

"Mama watoto alifariki mwaka jana," alisema. "Sina tena wa kusafiri naye."

"Pole sana, bwana."

"Asante, afande. Na wewe utasafiri na nani?"

"Na mke wangu."

Bruhan aliinamisha macho kwenye mchanga. "Vizuri," alisema.

Kitu kimoja tu kilimsumbua Gaster. Mashua ililalia kushoto. Si sana, kiasi cha kiganja cha mkono, lakini glasi ya maji ukiiweka mezani ilionyesha wazi. Gaster alifungua sakafu kutafuta maji yaliyoingia, akakuta pakavu. Alihamisha nanga kulia. Akahamisha na madumu ya mafuta. Fundi alikuja, akagonga mbao zote, akatikisa kichwa.

"Imezoea hivyo," Bruhan alisema kwenye simu, akakata.

Upande wa kushoto hapakuwa na kitu chochote kizito, ila kitanda kitupu.

Walianza safari mwezi wa pili, Jumatatu asubuhi. Siku ya kwanza ilikuwa kama Gaster alivyoiota. Buvuma iliwapita ikiwa kijani kibichi, Topista akakaanga samaki kwenye jiko dogo, akapanda juu na sahani mbili, uso wake uking'aa kwa mvuke. "Umeshinda, Baba Peace," alisema. "Ni nzuri."

Siku ya pili, baada ya chakula cha mchana, alishuka chini kulala. Hazikupita dakika kumi akarudi juu, akaja kusimama karibu kabisa na mumewe.

"Umeniita?"

"Hapana."

Topista alitazama ule mlango mdogo wa chumba. Akanong'ona, "Kuna mtu anavuta pumzi kule chini."

"Ni maji yanapiga ubao."

"Baba Peace," Topista alisema, "maji hayakohoi."

Gaster alishuka. Aliangalia chini ya vitanda, akafungua kabati, akapapasa kila mahali. Hapakuwa na mtu. Lakini mto wa kitanda cha kushoto, ambacho hawakuwa wamekilalia, ulikuwa umelowa.

Hakumwambia mkewe. Miaka thelathini ya magereza ilimfundisha kuficha hofu.

"Turudi," Topista alisema.

"Kesho tunafika Dolwe. Siku moja tu."

"Turudi, Baba Peace. Nakuomba."

Akamwomba tena, mara ya tatu. Gaster alikumbuka idadi hiyo kwa maisha yake yote.

Siku ya tatu, saa nne ya asubuhi, jua likiwa kali, waliona nguzo za moshi mweusi zimesimama juu ya ziwa. Haukuwa moshi. Walikuwa sami, wale nzi wadogo wa ziwa wanaopanda mamilioni kwa mamilioni kutoka majini. Wavuvi huwakwepa, kwa kuwa ukiingia katikati yao huoni wala hupumui. Gaster aligeuza usukani. Nguzo moja ikageuka nayo.

Iliwafunika kama blanketi. Mchana ukawa giza la kahawia. Nzi waliingia puani, masikioni, kinywani. Injini ikakohoa, ikazimika. Gaster alijifunga shati usoni. Topista alikuwa mbele, ameshika kamba ya nanga.

Mashua ikainuka upande wa kushoto. Ghafla. Kama mtu mzito ameondoka pale.

Gaster alisikia kitu kimeanguka majini. Kulia.

"Baba Peace!"

Alitambaa kwa magoti kwenda kulia.

"Baba Peace, nishike!"

Alinyoosha mkono ndani ya wingu la nzi. Vidole vikagusa vidole vyake. Vilikuwa na joto.

Ndipo sauti ikatoka chini, chumbani. Ya Topista. Tulivu.

"Bwana. Niko hapa ndani."

Gaster akaganda.

"Bwana, usimpe mkono. Huyo si mimi."

Vidole vilimbana. Kucha zikamwingia. Sauti ya majini ikaita tena, imejaa maji, "Baba Peace..."

Topista hakuwahi kumwita bwana hata siku moja. Gaster alilijua hilo. Alilijua pale pale, akiwa amepiga magoti, mkono wake ukiwa umeshikwa. Lakini sauti moja ilikuwa mahali pakavu na nyingine ilikuwa kwenye maji meusi, yeye hakuona kitu, na aliogopa.

Akaurudisha mkono.

Wingu lilipita. Ziwa likabaki jeupe kwa jua, shwari. Hapakuwa na kitu juu ya maji. Chumbani, kwenye kitanda cha kushoto, Topista alikuwa ameketi, mikono mapajani, gauni lake kavu.

"Turudi nyumbani, bwana," alisema.

Mashua ilikaa sawasawa, haikulalia upande wowote.

Walipofika Jinja Topista alishuka bila kushikwa mkono, akaanza kutembea kuelekea mjini. Gaster alimwita mara mbili ndipo akageuka kuja kwenye gari.

Nyumbani Mbale, mkewe hakujua visu vinakaa wapi. Majirani walimsalimia kwa Kimasaba, akatabasamu tu bila kujibu. Siku ya Jumapili alikataa kwenda kanisani, yeye aliyeimba kwaya miaka ishirini. Adhuhuri Gaster alimkuta uani, amenawa uso, mikono na miguu, amesimama ameelekea kaskazini, midomo ikicheza. Peace alipiga simu akaongea naye, kisha akaomba kuongea na baba yake.

"Mama anaumwa? Anaongea na mimi kama mgeni."

"Safari ilimchosha," Gaster alisema.

Alijilazimisha kuamini hivyo. Alikula chakula alichopikiwa na kulala ukingoni mwa kitanda. Wiki ya nne, wakiwa mezani mchana, mwanamke aliweka kijiko chini.

"Nipeleke kwangu."

"Kwako ni hapa."

"Kwangu ni Jinja. Nina watoto wawili. Yule mdogo hajui kufunga kamba za viatu."

Gaster alisukuma sahani kando. "Wewe ni nani?"

"Hasifa. Mke wa Bruhan." Alisema bila hasira, kama mtu anayejibu polisi. "Sikufa kwa homa kama anavyowaambia watu. Nilianguka kutoka kwenye ile mashua. Nilimnyooshea mkono, akaogopa kuvutwa, akaurudisha." Akamtazama Gaster usoni kwa macho ya Topista. "Kama wewe."

Siku hiyo hiyo alimpeleka Jinja. Hakujua la kufanya lingine.

Bruhan alikuwa dukani. Alimwona mwanamke asiyemfahamu, mama mtu mzima wa Kimasaba, anaingia bila kupiga hodi. Mwanamke akamwambia neno moja, kwa sauti ya chini sana. Bruhan akashika kaunta. Watoto wawili walitokea nyuma ya pazia. Yule mdogo alimtazama mgeni kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mguu, na mwanamke akapiga magoti, akamfunga kamba za kiatu.

"Nisamehe, afande," Bruhan alisema, machozi yakimtoka. "Kila nilipopita ziwani alikuwa ananiita. Niliambiwa hatatoka mpaka apate wa kukaa mahali pake."

"Ndiyo maana uliniuliza nitasafiri na nani."

"Ndiyo maana."

Gaster alikunja ngumi ampige. Ngumi ikabaki hewani. Ilikuwa ya mkono wa kulia, ule ule aliourudisha, na makovu ya kucha yalikuwa bado mekundu. Aliushusha, akatoka nje, akamwacha mwanamke kwa watoto wake.

Alikwenda moja kwa moja kwenye mashua. Aliiona toka mbali imelalia kulia.

Alipanda. Akashuka chumbani, akakaa sakafuni karibu na kitanda cha kulia.

"Baba Peace," sauti ilinong'ona.

"Niko, mama."

Maji yalipiga ubao taratibu.

"Mbona ulirudisha mkono?"

Gaster alilaza mkono wake wa kulia juu ya kitanda.

Hakurudi tena Nabuyonga. Alihamia kwenye mashua, ikiwa imefungwa pale pale Jinja. Mbale watu walisema walichoona. Topista amemkimbia mumewe uzeeni, amekwenda kukaa na mfanyabiashara wa viatu, amebadili dini. Kwaya ilimfuta jina. Peace alikuja ufukoni akilia kwa aibu, akamtaka baba yake aseme lolote amtetee mama yake. Lakini Gaster alipomwona anakanyaga ubao wa kupandia, alimfukuza kwa kelele za kambini, kwa matusi ambayo hakuwahi kumtukana hata mfungwa. Akamrushia sufuria. Peace aliondoka akiapa kwamba sasa anaelewa kwa nini mama alimwacha.

Gaster aliachilia iwe hivyo. Alikuwa amejua alichojua Bruhan. Mwanamke mmoja tu akipanda, inatosha; atabaki mahali pa Topista.

Mara mbili watu walikuja na wake zao kuulizia kuinunua mashua. Mara ya kwanza Gaster aliwafukuza papo hapo. Mara ya pili alikuja kijana anaitwa Trevor na mkewe Brendah, waliooana karibuni, wamechoka na boti yao ndogo, wanataka kufika visiwani. Brendah alikuwa anacheka cheka. Alikwisha kuweka mguu mmoja kwenye ubao.

Mara hiyo Gaster alichelewa kumfukuza.

Alisimama akimtazama yule binti mpaka Brendah mwenyewe akaacha kucheka na kuurudisha mguu chini. "Twende, Trevor," alisema. "Huyu mzee ananitazama vibaya."

Walipoondoka, sauti ya chumbani ilisema kitu kimoja tu. "Ulitaka kumwacha apande."

"Nilitaka," Gaster alisema.

Asubuhi iliyofuata alijaza mafuta, akafungua kamba, akaelekea nje ya ghuba peke yake. Wavuvi walimpungia mikono.

Mashua ilionekana siku ya nane, karibu na Dolwe, kwenye maji yasiyo na upepo. Nanga ilikuwa imeshushwa vizuri, injini imeinuliwa, usukani umefungwa kamba. Hapakuwa na mtu. Askari wa majini waliivuta mpaka Jinja, wakampigia Peace simu aje kutambua vitu vya baba yake.

Alifika saa saba mchana, jua likiwa utosini. Askari mmoja alimkaribisha apande. Peace akainua mguu, kisha akasimama.

Kwenye kioo cha dirisha dogo la chumba, kwa nje, kulikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa kidole, kwa maji. *Peace usipande.* Ulikuwa mwandiko wa mama yake. Aliujua kwa zile herufi za P zenye mkia mrefu, alizoziona kwenye kila barua ya shule ya bweni.

"Nani ameandika hapa?" aliuliza.

Askari wote watatu hawakujua. Mmoja alitoa kitambaa, akapangusa kioo kikakauka. Walisimama wote wanne kwenye jua lile, wakitazama maneno yakirudi herufi moja baada ya nyingine. Safari hii yaliandikwa mara mbili. Mstari wa juu ulikuwa wa mama. Wa chini ulikuwa wa mkono mwingine, mzito, wa mtu aliyezoea kujaza fomu za magereza.