Chujio la Bi Mkubwa

Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbi wa maduka ya vipuri ulikuwa hauna hata pa kuweka mguu. Watu walipishana kwa mabega, huyu kabeba feni, yule kabeba mota ya mashine ya kufulia, na redio za maduka matatu zilikuwa zikishindana kwa sauti. Katikati ya msongamano huo, mbele ya duka dogo la vifaa vya samaki, alisimama dada mmoja mwenye gauni la rangi ya bizari na raba nyeupe, amekumbatia boksi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani.

"Hilo halitakutosha," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu, ovaroli lake la bluu limepauka magotini, spana inachungulia mfukoni. Vidole vilikuwa na madoa ya grisi, lakini kucha zilikatwa vizuri. Hilo ndilo dada aliloliona kwanza, maana kutazama mikono ya watu ndiyo kazi yake: alikuwa mpiga eksirei hospitalini.

"Umejuaje halitanitosha, na hujui nalipeleka wapi?"

"Hilo chujio ni la tangi la mezani. Lako lina ukubwa gani?"

"Kubwa."

"Kubwa kama nini?"

Dada alifikiri kidogo. "Kama kitanda cha futi nne."

Kijana alicheka. Mwenye duka, mama mnene aliyening'iniza miwani kifuani, naye akacheka hadi miwani ikatikisika. "Rudisha hilo, mwanangu," alisema. "Huyu ni fundi wa pampu. Akisema halitoshi, halitoshi, hata kama ananiharibia biashara."

Akashusha boksi jingine kutoka rafu ya juu. Ndani yake mlikuwa na chujio la mtungi: pipa dogo la plastiki lenye ukubwa wa ndoo, mfuniko wenye pampu, mipira miwili ya maji, na vikapu vya kupanga sponji na pete ndogo nyeupe za kauri.

Tangi lenyewe lilikuwa la baba yake. Mzee aliendesha treni miaka thelathini, akastaafu, na tangu mkewe afariki alikuwa akikaa sebuleni kutwa nzima kando ya tangi pana jeusi lenye samaki kumi na mmoja wa rangi ya dhahabu. Mkubwa wao alinunuliwa na marehemu mama, akiwa na urefu wa kidole. Sasa alikuwa na urefu wa kiganja na kifundo cha mkono, na mzee alimwita Bi Mkubwa na kumsimulia habari za dunia. Chujio la zamani lilikuwa limeungua. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai ya rangi, na mzee alikuwa ameacha kula vizuri.

Fundi aliandika namba yake ya simu juu ya boksi. "Ukikwama, nipigie."

"Napiga picha za mifupa ya watu, nitashindwa na ndoo yenye mipira miwili?"

"Sijasema utashindwa. Nimesema nipigie."

Saa kumi jioni simu ya fundi iliita.

"Fundi, huu mtungi unakoroma."

"Na maji?"

"Hayaendi popote."

"Umeuweka wapi?"

"Juu ya stuli, kando ya tangi. Umekaa vizuri, unapendeza."

"Ushushe, dada. Mtungi hukaa chini ya tangi. Maji hayapandi mlima kwa kubembelezwa."

Dada akasema kwa sauti ya chini, "Unacheka."

"Sicheki."

"Nakusikia unavyozuia. Basi njoo kesho ucheke hukuhuku, na vifaa vyako."

Jumapili alifika amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, mkoba wa vifaa begani. Alimwamkia mzee, mzee akaitikia bila kuondoa macho kwenye tangi, kisha fundi akapiga magoti sakafuni. Alifanya kazi polepole ili dada aone. Mtungi chini, kwenye sakafu iliyo sawa. Sponji ngumu kwanza ya kukamata uchafu mkubwa, laini ifuate, pete za kauri mwisho. Ringi ya mpira ya mfuniko aliipaka mafuta kidogo kabla ya kubana vishikio. Mpira mmoja wa kuteremsha maji, mwingine wa kuyarudisha.

"Jaza mtungi kwanza," alisema. "Ukiwasha pampu ikiwa kavu, utaiua."

Alifungua koki. Maji yakateremka yenyewe ndani ya mpira, viputo vikatoka kwa pupa, kisha akachomeka waya. Mlio ukawa mwembamba kama wa nyuki aliye mbali. Upande wa pili wa tangi, maji yakaanza kurudi, yakitandaza mikunjo juu ya uso.

Mzee alitazama kwa muda mrefu. "Kijana," alisema hatimaye, "umekula?"

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza. Fundi alikuja kila Jumapili kupima maji, na kupima maji kulichukua muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Walitembea hadi bustani ya manispaa wakinyonya barafu za maziwa. Fundi alimwita dada Eksirei, kwa sababu alisema akitazamwa naye anahisi mifupa yote iko nje. Dada alimwita Fundi tu, lakini alilivuta lile jina hadi likawa na maana nyingine. Saa ya mapumziko ya mchana hospitalini, wenzake walimwona akizungumza na simu dirishani, amegeuza mgongo, akizungusha kitambulisho chake kwenye kidole.

"Umekula nini, mpenzi?"

"Mkate na yai. Wewe?"

"Vumbi."

"Kunywa maji basi, fundi wa maji."

Mwezi wa pili, fundi alipata kazi ya wiki tatu nje ya mji, kufunga pampu kubwa za kiwanda. Asubuhi ya kuondoka alimpigia. "Mtungi usiuguse mpaka nirudi."

"Kwa nini?"

Basi likapiga honi, akasema atamweleza baadaye. Hakumweleza. Alisahau, na kosa lake la kwanza lilikuwa hilo.

Wiki ya pili maji yalianza kurudi kwa unyonge. Dada aliona ni uchafu tu, akaona pia nafasi ya kumfurahisha mpenzi wake. Akafunga koki, akafungua mtungi, akatoa sponji na pete zilizokuwa zimejaa utelezi wa kahawia, akaziosha zote kwa sabuni na maji ya bomba mpaka zikang'aa kama meno ya mtoto. Akazirudisha, akawasha, akajipongeza.

Siku ya tatu maji yalikuwa meupe kama yaliyomwagiwa maziwa. Samaki wawili walikuwa wamekufa. Bi Mkubwa alikuwa amelala ubavu chini ya tangi, mashavu yakipanda na kushuka kwa shida, na mzee alikuwa ameketi na mkono wake ndani ya maji, haongei na mtu.

Dada alipiga simu mara sita. Fundi alikuwa chini ya sakafu ya kiwanda, ndani ya chumba cha pampu, na ya saba ndiyo aliyoipokea, mashine zikinguruma nyuma yake.

"Chujio lako linaua samaki wa mama," dada alisema.

"Umegusa mtungi?"

"Nimeusafisha. Umesikia? Wamekufa wawili."

"Umeusafisha na nini?"

"Na sabuni. Kwani watu wanasafisha na nini?"

Fundi alikuwa hajalala vizuri kwa siku nne, na kichwani mlikuwa na mngurumo wa pampu tatu. "Basi umewaua wewe," alisema.

Dada alipojibu, sauti yake ilikuwa baridi. "Kosa langu lilikuwa kumwamini fundi wa kuokota sokoni." Akakata simu.

Kila mmoja alibaki na neno la mwenzake. Huyu aliona ameitwa muuaji wa kumbukumbu ya mama yake. Yule aliona kwamba, pamoja na Jumapili zote zile, kwa binti wa hospitali yeye alikuwa mtu wa kuokota. Fundi aliandika ujumbe mara tatu, akaufuta mara tatu.

Asubuhi iliyofuata dada aliomba ruhusa kazini, akaenda moja kwa moja kwa yule mama mwenye duka. Alimweleza yote, bila kuficha sabuni.

Mama alivaa miwani, akamtazama. "Mwanangu, ule utelezi ulioosha ndio chujio lenyewe. Ni wadudu wadogo wasioonekana, ndio wanaokula sumu ya mkojo wa samaki. Wanachukua wiki nyingi kuzaliana. Sabuni imewaua, na dawa iliyomo kwenye maji ya bomba imemalizia."

"Kwa hiyo ni kweli niliwaua mimi."

"Kwa kutojua. Aliyejua hakukwambia. Mgawane."

Aliinama chini ya kaunta, akafungua mtungi wa tangi lake mwenyewe lililofanya kazi miaka minne, akachota konzi tatu za pete zilizochafuka vizuri, akazitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na maji yake. "Hawa wako hai. Wasikauke. Na maji mapya yasitiwe bila kuondolewa dawa." Akampa na kichupa kidogo.

Dada alipanda teksi, mfuko ukiwa mapajani, akiushika kwa mikono miwili kila dereva alipofunga breki. Nyumbani alifunga kanga kiunoni juu ya suruali ya kazi. Alipunguza nusu ya maji ya tangi kwa mpira, ndoo baada ya ndoo, akajaza mapya yaliyotiwa dawa ya kichupa. Akafungua mtungi. Sponji akazisuuza ndani ya maji ya tangi lenyewe, akatupa zile pete zilizong'aa, akapanga zile chafu kwa uangalifu wa mtu anayepanga mayai. Akapaka ringi mafuta, akabana vishikio, akajaza mtungi, akafungua koki, akachomeka waya.

Pampu ililia. Maji hayakurudi.

"Imekwama?" mzee aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu jana.

Dada alikaa sakafuni, akaweka kiganja juu ya mfuniko. Mtungi ulikuwa ukitetemeka ovyo, kama kifua cha mgonjwa chenye hewa pasipotakiwa. Picha za vifua hivyo alikuwa ameziona mamia. Hewa, alijiambia. Hewa imekaa juu, maji hayapati njia.

"Baba, shika mpira huu wa kurudishia. Uinue juu."

Mzee akashika. Dada akazima pampu, akaukumbatia mtungi, akauinamisha upande mmoja, kisha mwingine. Kiputo kimoja kikubwa kikapanda ndani ya mpira, kikafuatwa na vingine vingi. Akawasha. Mpira ukakohoa, ukamtemea mzee maji usoni, kisha yakaja kwa nguvu, mkondo mnene usiokatika.

Mzee alijifuta kwa shati. Alikuwa akicheka, na dada alikuwa amelowa mpaka kifuani na hakujali.

Siku ya kwanza Bi Mkubwa hakusogea. Siku ya pili alisimama wima, akitikisa mapezi. Kila asubuhi kabla ya kazi na kila jioni baada ya kazi dada alibadilisha maji kidogo. Siku ya tano maji yalikuwa yanaonyesha chini, na Bi Mkubwa alipanda juu akadokoa chakula kwenye vidole vya mzee.

Mchana huo dada alisimama kwenye lile dirisha la hospitali akapiga simu. Iliita mara mbili tu.

"Fundi."

"Naam."

"Nilikuita jina usilostahili. Nisamehe. Na wale wawili niliwaua mimi."

Alisikika akivuta pumzi. "Na mimi sikukueleza, kisha nikakutupia lawama yote. Nisamehe wewe. Niliogopa kupiga simu, nikadhani..." Akaacha. "Bi Mkubwa?"

"Amekula leo."

"Nani amefunga mtungi?"

"Mimi."

"Na hewa?"

"Niliinamisha."

"Nani alikufundisha kuinamisha?"

"Hakuna."

Fundi akacheka. "Nimeshindwa kuwafundisha vijana wangu wawili jambo hilo mwaka mzima," alisema. "Narudi Jumamosi, laazizi. Nisubiri."

Jumamosi alifika na shati lile jeupe. Alikagua koki, akapapasa chini ya mfuniko kutafuta unyevu, akasikiliza pampu, akapima maji mara mbili. Kisha akasimama akifuta mikono.

"Hapa sina kazi," alisema.

Dada aliegemea ukuta, amevaa gauni la zambarau, mikono kifuani, na hakujisumbua kuficha fahari yake. "Najua."

"Basi sina tena kisingizio cha kuja Jumapili."

"Tafuta kingine."

Mzee alikohoa kwenye kiti chake. "Kijana, kama una neno, liseme nikiwa macho. Mchana huu nina mpango wa kulala."

Fundi alimtazama mzee, kisha akamgeukia binti yake. "Sina kisingizio. Nataka kuishi nawe, unioe au nikuoe, utakavyopanga wewe. Utakubali?"

"Nimekubali," dada alisema. "Tangu siku uliyozuia kicheko kwenye simu, ila sikutaka ujue mapema."

Fundi alitoa simu, akampigia mama yake, akaweka sauti ya nje.

"Mama, kuna mtu anataka kukusalimu. Mkwe wako."

"Yule mpiga picha za mifupa? Mpe simu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwanangu huyu kila akipiga ni wewe, wewe, mpaka nimesahau kumlalamikia maumivu yangu ya tumbo. Njooni kesho, na usimwache aendeshe gari yeye, namjua anavyolikimbiza. Nataka mfike salama."