Kofia za Pacha

Nyoo, nyoo, nyoo. Kulikuwa bado giza, na mlio huo ulitoka upande wa kitanda cha mama. Mmoja wa pacha alikuwa ameipata ngumi yake mwenyewe, anainyonya kama imetiwa sukari.

"Huyo ni Mkubwa," Chiriku alisema kutoka kwenye godoro lake.

"Ni Mdogo," mama akajibu kwa sauti ya usingizi. Akawasha taa, akaangalia kofia. Ilikuwa nyekundu. "Haya, umenishinda. Amka basi, leo ni kliniki."

Pacha hao walikuwa na umri wa wiki sita, na walifanana kama shilingi kwa ya pili. Mkubwa alimzidi Mdogo kwa muda usiotosha hata kuchemsha chai. Kwa hiyo baba, aliyekuwa fundi cherehani, aliwashonea kofia: nyekundu ya Mkubwa, ya njano ya Mdogo. Nyumbani mle zilikuwa hazivuliwi zote mbili kwa pamoja. Mama hakuwa amelala usingizi mzima tangu ajifungue, na bila kofia hata yeye alisitasita.

Chiriku, dada yao wa miaka kumi na mmoja, alipewa jina hilo na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Shule zilikuwa zimefungwa, hivyo yeye ndiye aliyembeba Mdogo njia nzima, akimsimulia kila kitu walichokipita.

Kliniki ilikuwa imejaa. Watoto walipimwa uzito kwenye mizani iliyoning'inia, kila mmoja akilia kwa sauti yake. Kisha muuguzi, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, akasimama mbele ya mabenchi.

"Mama zangu, tunaanza na matone ya mdomoni, halafu sindano kule nyuma ya pazia. Matone haya yanamkinga mtoto na ugonjwa wa kupooza. Sindano huacha alama ndogo ya kuchomwa, matone hayaachi alama yoyote. Mtoto akishapata, namwandika papo hapo."

Mama akaenda na Mkubwa. Aliporudi alimlaza juu ya kanga karibu na Chiriku. "Huyu tayari. Waangalie wote wawili, nikanawe mikono, amenikojolea."

Kwenye benchi la nyuma alikaa Machachari, msichana wa darasa moja na Chiriku, aliyekuja na shangazi yake.

"Eti hamjui yupi ni yupi mpaka mtazame kofia?" Machachari aliuliza. "Mwongo wewe! Mimi ningewajua hata gizani."

"Wewe? Unayechanganya daftari lako na langu?"

"Nijaribu!"

"Fumba macho basi."

Chiriku akazivua kofia zote mbili. Nyekundu akamvika Mdogo, ya njano akamvika Mkubwa. Machachari alifumbua macho, akawakagua kama mnunuzi wa viazi, kisha akatamka kwa kujiamini: "Hujabadilisha kitu. Mwenye nyekundu ndiye Mkubwa."

Chiriku alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa bado anacheka mkono wa mama ulipopita mbele yake, ukamchukua mwenye kofia ya njano. "Zamu ya Mdogo," mama alisema, na alikuwa ameshafika mezani.

Chiriku akageuka kutazama kanga. Aliyechukuliwa alikuwa Mkubwa, ambaye ameshapata matone yake. Mdogo mwenyewe alikuwa hapo kwenye kanga, amevaa nyekundu, anapiga mateke hewani.

"Nyamaza," Machachari alinong'ona. "Mama yako atakuaibisha mbele ya watu wote hawa. Nani atajua?"

Hapo ndipo Chiriku alipoogopa zaidi, maana ilikuwa kweli: hakuna ambaye angejua. Mdogo angeandikwa amepata, wangerudi nyumbani wakiwa na furaha, na mtoto angekua bila kinga. Alitazama ile miguu miwili midogo ikirukaruka. Kule mezani muuguzi alikuwa ameshakifungua kinywa cha mtoto kwa vidole viwili.

Chiriku akamnyakua Mdogo, akakimbia.

"Msimpe! Huyo ameshapata! Ambaye bado ni huyu!"

Kliniki nzima ikageuka. Mkono wa muuguzi ukabaki hewani.

"Unasema nini wewe?" mama aliuliza.

"Nilibadilisha kofia, mama. Tulikuwa tunacheza."

Mama akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Muuguzi akaweka kichupa chini, akainama mpaka uso wake ukalingana na wa Chiriku.

"Uliwabadilisha mara ngapi?"

"Mara moja tu. Na sijaondoka pale walipolala."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Muuguzi alikata kipande cha bandeji, akamfunga Mkubwa kifundoni. "Aliyepata avae bangili," alisema. Kisha akamdondoshea Mdogo matone yake. Mdogo alikunja uso kama mzee aliyeonja ndimu, akameza.

"Sikiliza, mwanangu," muuguzi alisema. "Kucheza na kofia ni kosa, na mchezo una mahali pake. Lakini mtoto mchanga hana mdomo wa kusema, 'Mimi bado.' Mdomo wake ni sisi. Tukinyamaza kwa kuogopa kugombezwa, anayeadhibiwa ni yeye. Wewe umekuja mbio. Asante."

Nyuma ya pazia pacha walichomwa sindano, mmoja baada ya mwingine, wakalia kwa pamoja. Muuguzi akamwambia mama asishtuke wakipata joto kidogo, ila likizidi awarudishe upesi.

Njiani mama alitembea kwa hatua ndefu. "Nimekasirika, sikufichi," alisema. "Lakini ungenyamaza, tungemrudisha Mdogo nyumbani bila kinga, na tusijue." Akamrekebishia Chiriku mbeleko begani, wakaendelea.

Jioni baba alirudi na vipande vya uzi kwenye shati, akawapakata pacha wote wawili.

"Vipi huko, salama?"

"Salama. Wamepata zote," mama alijibu, akaendelea kukunja nepi.

"Na kofia zangu? Zimefanya kazi?"

Mama akachukua nepi nyingine. Chiriku angeweza kucheka tu, na swali lingepita. Akasogea mpaka akasimama mbele ya baba.

"Baba, leo nilibadilisha kofia za watoto."