Kivuli cha Upande wa Mashariki

Duka la vifaa vya umeme karibu na stendi ya Moshi lilijaa watu. Nasrin, binti wa mtaa wa Njoro mwenye mtandio wa zambarau na kompyuta begani, alimwona kijana mrefu aliyevaa sweta la kijivu, amekumbatia hita mbili.

"Kaka, na joto hili?"

"Si zangu, ni za wageni. Tunajenga nyumba ya watalii kwetu Kibosho, juu huko. Usiku kule wataganda."

"Madirisha umeyaelekeza wapi?"

"Kwenye ukuta," alijibu kijana huyo, Filbert. Nasrin akacheka hadi akashika kaunta.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Nasrin, kuchora majengo yanayopata joto au ubaridi bila kula umeme. Alitumia programu ya akili mnemba ambayo haikutoa jibu tupu. Ilieleza na sababu, kuanzia kubwa hadi ndogo.

"Inaeleza sababu? Basi ina adabu kuliko bosi wangu wa kupandisha watalii mlimani," alisema Filbert. Akarudisha hita kwenye rafu, akamsogezea kiti.

Baada ya hapo simu zikawa ndefu.

"Umekula, fundi wangu?" Filbert angeuliza.

"Nimekula. Wewe umevaa soksi?"

Kwao Nasrin walinuna kwa sababu ya dini, kisha wakanyamaza. Mzee Julius, baba yake Filbert, alisema tu, "Mlete tumwone." Siku hiyo alimpikishia ndizi bila nyama, ili mgeni asipate shaka nani amechinja.

Ujenzi ukaanza. Filbert akapanda mlimani kuongoza watalii, na Nasrin, aliyebaki kusimamia, akampigia.

"Kompyuta inasema sababu ya kwanza ya baridi ni kivuli cha mashariki. Kuna safu ya mimea mirefu pale. Ikiondoka, jua la asubuhi litaingia vyumba vyote."

"Fanya inavyosema, mpenzi. Nakuamini."

Filbert alikuwa amechoka, hakuuliza mimea gani. Vibarua walitoka Mabogini, kwenye mashamba ya mpunga, nao hawakujua maana ya mimea ile. Wakafyeka.

Mzee Julius aliporudi kutoka msibani alikuta masale, ile mimea mirefu iliyozunguka kaburi la mkewe, Mary, yamelala chini, na kaburi liko wazi juani. Hakugomba. Aliwapa vibarua maji ya kunywa, kisha akaketi kando ya kaburi hadi giza likaingia.

Filbert alishuka na midomo iliyopasuka kwa baridi.

"Programu yako ilikueleza pale amelala nani?"

"Haikuambiwa."

"Na wewe?"

"Sikuuliza."

"Usinipigie tena, Nasrin."

Aliyempigia Nasrin baadaye ni Justina, shangazi yake Filbert. "Mwanangu, njoo na jani la isale ulilolifunga fundo. Kwetu, anayeletewa hilo hakatai kusamehe. Utampa nani, hilo ni lako."

Nasrin alipofika, Filbert alisimama mlangoni kama mtu aliyenaswa. Nasrin akampita, akapiga magoti mbele ya mzee.

"Shikamoo baba. Nimekosa."

"Marahaba." Mzee alilipokea lile jani kwa mikono miwili. "Nimesamehe, mwanangu. Twende ukapande masale mengine."

Walipanda pamoja. Filbert aliteka maji, akamwagilia, kisha akamsindikiza hadi barabarani.

"Kwa nini hukunipa mimi? Nisingeweza kukataa."

"Ndiyo maana sikukupa."

Filbert alifuta udongo mikononi. "Baba amesamehe. Mimi kila nikikutazama naliona kaburi la mama liko wazi."

"Nikusubiri?"

"Usinisubiri, mpenzi."

Akamwona anatetemeka kwa baridi. Akavua sweta, akamvisha, akafunga na vifungo.

Nasrin alifika Njoro kwenye joto kali, bado amelivaa. Akaiambia kompyuta kwamba masale yatakua, na hayataguswa tena. Ikajibu kwamba vyumba vitakuwa baridi. Sababu ya kwanza, kivuli cha mashariki.

Kesho yake alirudi kwenye lile duka karibu na stendi, akanunua hita mbili, akazituma Kibosho kwa mzee Julius.