Kitambaa Juu ya Kitambaa

Sehemu ya katikati ya kochi ilikuwa na joto.

Mama Mkia aliweka kiganja pale, akakitoa, akakirudisha. Hakuna aliyekuwa amekaa. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini. Binti yao mdogo, waliyemwita Mkia kwa sababu hakumwachia mama yake nafasi hata ya kwenda msalani peke yake, alikuwa sakafuni akichezea mabaki ya kitambaa. Mama akajiambia ni sponji kuukuu tu, akaendelea na kazi yake ya kuvika kitambaa vifungo vya kochi.

Kochi lilikuwa la mitumba. Alilipata kwenye nyumba ambayo wenyewe walikuwa wakihama, nao walimsaidia kulitoa nje upesi kuliko alivyotarajia. Fundi makochi wa mtaani alimwazima mashine ya pini, akamwonya.

"Dada, ng'oa kwanza kitambaa cha zamani. Usivalishe kipya juu ya kikuukuu, hujui chini kuna nini."

"Nikiking'oa si nitatakiwa kubadilisha na sponji?"

"Utatakiwa, ndiyo."

"Basi nitavalisha juu," alisema huku akitazama chini.

Mama mkwe alikuwa anakuja Jumapili. Mume alishamtangazia kwenye simu kwamba nyumbani kuna kochi jipya, limetoka dukani. Mume naye hakusema uongo. Alisema alichoambiwa na mkewe.

Kwa pazia moja zito, vanishi iliyobaki kwenye kopo na vifungo vilivyovikwa kimoja kimoja, kochi lilipendeza. Jirani wa mlango wa pili alipochungulia alishika kiuno.

"Shoga! Hapa nivue viatu tu, au na miguu niiache nje?"

"Ingia bwana, acha vituko."

"Jipya hili?"

"Jipya."

Hapo ndipo harufu ilipopanda. Ilikuwa ya mkojo uliokauka ukalowa tena, imechanganyika na dawa ya kuchulia viungo. Kicheko cha jirani kilikatika. Alilitazama kochi, kisha akamtazama mwenye nyumba, na mwenye nyumba akahisi uso unamwaka.

"Mkia!" alisema haraka. "Umejikojolea tena?"

Mkia alikuwa amesimama mlangoni, gauni kavu kabisa. "Si mimi, mama."

"Nenda kabadilishe nguo."

Mtoto alimtazama, kisha akaenda kubadilisha nguo ambazo hazikuwa na kosa. Jirani akasema watoto ndivyo walivyo, akaaga mapema.

Jioni hiyo, wakati wa kuwasha taa, Mama Mkia alisikia mkwaruzo kutoka sebuleni, mkwaruzo wa kucha upande wa chini wa kitambaa, taratibu, kama mtu anayetafuta pindo. Alimkuta binti yake ameinama, sikio juu ya kochi.

"Unafanya nini hapo?" alinong'ona.

"Bibi anaongea."

"Bibi gani?"

"Wa humu ndani. Kwao alikuwa hawezi kuinuka. Wageni wakija walikuwa wanamfunika shuka mpaka kichwani, wanasema harufu ni ya paka." Mkia akashusha sauti. "Anasema mimi na yeye tunafanana."

Mama alimnyanyua mtoto akamkimbiza chumbani, akafunga mlango, na hakumwambia mtu, maana angemwambia nani bila kueleza kochi limetoka wapi?

Jumapili mama mkwe alifika, akakaa, akalisifia kochi, akalipapasa. Harufu ikapanda. Akakunja pua.

"Binti yangu, mbona hivi?"

Mkia alikuwa ameketishwa kando ya bibi yake. Aligeuka akamtazama mama yake na kungoja.

"Ni Mkia, mama," Mama Mkia akasema. "Siku hizi anajikojolea."

Mtoto hakukana. Alikaa tuli, na wanawake wote wawili waliona gauni lake likianza kulowa, si kutoka juu kwenda chini bali kutoka kwenye kochi kupanda juu, likalowa mapajani, tumboni, kifuani, maji yakitambaa kwenye nyuzi kama mafuta kwenye utambi, huku kitambaa cha kochi kikiinuka nyuma yake na kufanya umbo la magoti mawili yaliyokunjwa, kisha bega, kisha kichwa kilichoegemea kichwa chake kana kwamba kinamsikiliza. Mama mkwe alipiga ukelele, akamvuta mjukuu. Mkia hakulia wala kusema neno.

Mama mkwe alimfuata mganga wa kike aliyejulikana mtaani kwa kutoa majini. Mganga alipiga magoti, akanusa pindo la kochi.

"Jini huyu hukaa na watu wanaofichwa," alisema chini chini. "Aliyekuwa naye amekufa, yeye amebaki. Mwenye nyumba, chana kwa mkono wako. Na kila ulichofunika kiseme hapa mbele yetu. Akitoka huku atatafuta pengine palipofunikwa."

Mama Mkia akachana. Chini ya pazia lake kulikuwa na kitambaa cha maua, chini ya maua cha mistari, chini ya mistari cha bluu, kila kimoja kimepigwa pini juu ya mwenzake, mpaka likatokea doa la mtu aliyejikunja.

"Sema."

"Kochi ni la mitumba," alisema. "Niliwadanganya."

Mama mkwe aliguna, halafu akacheka. "Ndiyo hilo tu? Mimi niliolewa nikakalia ndoo!"

"Na jingine?" mganga akauliza.

Mama Mkia alihisi macho ya mwanawe kwenye shingo yake. Kwa hilo la pili mama mkwe asingecheka.

"Hakuna jingine."

Kochi lilichomwa uani. Harufu ilikwisha, sebule ikawa na hewa, mganga akaaga, mama mkwe akaenda kujilaza.

Mama Mkia alimwogesha binti yake kwenye beseni, mlango umefungwa. Hapo tu, walipokuwa wawili, aliweza. Aliegemeza paji la uso kwenye ukingo wa beseni, akalia.

"Nisamehe, Mkia. Najua hukukojoa. Niliona aibu."

Mkono mdogo ulitua kichwani kwake. Ulimpapasa taratibu, kwa vidole vilivyokakamaa, na sauti nyembamba ya mtoto, ambayo ilikuwa haijasikika tangu mchana, ikasema kwa upole:

"Nyamaza, mwanangu. Nimeshazoea."